Mlima wa mita 2,100 wenye barafu: jibu kwa mwalimu wa Moshi

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa sekondari moja ya Moshi. Nimelifupisha kidogo: "Mdogo wangu anafanya kazi Kiruna, kaskazini mwa Uswidi. Alinitumia picha za milima ya huko, nikawaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi, haufiki hata mita 2,100, lakini una barafu mwaka mzima, na miti inaishia mita 600 au 700. Wanafunzi wananiuliza: mbona Kilimanjaro kwenye mita 2,500 ni msitu mnene? Tumezoea kufundisha kwamba kupanda Kilimanjaro ni sawa na kusafiri kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Basi mimea ya huko ni kama ya Shira, uwanda ule wa juu wa Kilimanjaro? Wanyama wanaishi vipi wiki zote hizo jua lisipochomoza? Na mimi nikijaliwa nauli, niende mwezi gani?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Hiyo sentensi ya ikweta hadi ncha ya dunia mimi pia nilifundishwa, na nimekuja kuona kwamba ni kweli nusu tu. Ukipanda mlima baridi inaongezeka, ukielekea kaskazini baridi inaongezeka, hapo hakuna ubishi. Kinachotofautiana ni ratiba ya baridi yenyewe. Kwetu juu ya mlima baridi huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, mwaka mzima. Kule huja mara moja kwa mwaka, ikakaa miezi sita saba bila kubanduka, kisha ikaondoka. Kimo cha miti, umbo la maua, mahali panya wanapojificha, hata njia wanazopita wafugaji na mifugo yao, vyote vinatokana na ratiba hiyo.

Tuweke ramani mezani kwanza. Safu ya milima ya Skandinavia inafuata mpaka wa Uswidi na Norwei. Ukitoka Kiruna kuelekea magharibi, barabara na reli vinapita kando ya ziwa Torneträsk, ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 70 hivi na kina cha mita 168, hadi kijiji cha Abisko, kisha Riksgränsen mpakani, kisha bandari ya Narvik upande wa Norwei. Reli hiyo ilizinduliwa 1903 kwa ajili ya kusafirisha madini ya chuma. Kusini mwa ziwa iko milima ya Kebnekaise, na kusini zaidi iko Sarek, ambako hakuna barabara, hakuna nyumba za wageni, na kuvuka mito ni juu yako mwenyewe. Abisko na Sarek zote zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1909, katika kundi la hifadhi za mwanzo kabisa za Ulaya. Tangu 1996 Sarek na maeneo jirani, jumla ya kilomita za mraba 9,400 hivi, ni urithi wa dunia kwa jina la Laponia, na ulitambuliwa kwa mambo mawili kwa pamoja: mandhari yake, na ufugaji wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo.

Waambie wanafunzi kwamba hakuna volkano hapo. Kilimanjaro ni mlima mchanga uliojijenga kwa lava. Ile ya Skandinavia ilikunjwa na kuinuliwa mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, ikalika, ikainuliwa tena, na mwisho ikapita chini ya kisu cha barafu. Katika enzi ya barafu iliyopita Skandinavia yote ilifunikwa, na Abisko ilibaki wazi yapata miaka 10,000 tu iliyopita. Ndiyo maana mabonde ya kule yana kingo za wima na sakafu pana, umbo la herufi U. Muulize mdogo wako kama ana picha ya Lapporten, pengo kubwa kati ya milima miwili linaloonekana kutoka Abisko. Ukilichora ubaoni hakuna mwanafunzi atakayesahau bonde la barafu ni nini.

Sasa jua. Moshi, saa sita mchana, jua halishuki chini ya nyuzi 63 juu ya upeo wa macho mwezi wowote. Abisko iko latitudo ya nyuzi 68 kaskazini. Siku ambayo jua linapanda juu kuliko siku zote, mwishoni mwa Juni, linafika nyuzi 45. Tarehe 21 Machi linafika 22 tu. Kuanzia mapema Desemba hadi karibu katikati ya Januari halivuki upeo wa macho hata kidogo. Jua likiwa chini hivyo, mwanga uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi na kupita kwenye hewa nyingi zaidi, hivyo kila mita ya ardhi inapata kidogo. Juu ya hapo kuna theluji. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Mwezi Aprili Abisko ina jua la kutosha kukuunguza uso, na bado ardhi imelala chini ya theluji kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo haipokelewi.

Hapo tunafika kwenye mpaka wa miti. Mti hauulizi uko mita ngapi. Unauliza: nina joto kiasi gani katika msimu wa kukua? Mtaalamu Christian Körner wa Basel na wenzake walifukia vipimajoto kwenye udongo wa mipaka ya miti katika mabara mbalimbali, na wakaona jambo linalonivutia hadi leo: popote duniani mpaka huo unakaa mahali ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua ni kama nyuzi 6 hadi 7. Chini ya hapo mti unaweza kutengeneza chakula kwenye majani, lakini hauwezi kukijenga kuwa mbao. Kilimanjaro ina msimu wa kukua wa mwaka mzima, na wastani huo unaupata zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Kwa kweli msitu wa Kilimanjaro ungeweza kupanda juu kuliko ulipo sasa. Mioto ya mara kwa mara ndiyo iliyoushusha hadi karibu na mita 3,000. Abisko msimu wa kukua ni miezi mitatu na kitu, na wastani huohuo unakutana nao mita 600 au 700. Kwa hiyo kilele cha Kebnekaise, ambacho kimelizidi geti la Marangu kwa mita mia mbili na kidogo tu, kiko juu ya mstari wa miti kwa mita zaidi ya elfu moja.

Na barafu ni hesabu ileile. Barafuto, yaani barafu nene inayoteleza polepole mlimani, haihitaji baridi kali. Inahitaji majira ya joto yasiyotosha kuyeyusha theluji yote iliyoanguka wakati wa baridi. Storglaciären, barafuto yenye urefu wa kilomita 3 hivi ubavuni mwa Kebnekaise, inaishia karibu na mita 1,150 juu ya bahari. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko juu ya mita 5,000 na ina shida ya aina nyingine: huko juu hewa iko chini ya sifuri karibu wakati wote, lakini theluji inayoanguka ni kidogo na jua la ikweta linaila barafu ikageuka mvuke bila hata kupitia maji.

Mwanafunzi makini atakuuliza: kama ni latitudo tu, basi Siberia na Abisko zina baridi sawa? Hapana, na tofauti ni kubwa mno. Verkhoyansk, Urusi, iko latitudo ya nyuzi 67 na nusu, kusini kidogo ya Abisko, na mwaka 1892 ilipima nyuzi −67.8. Juni 2020 mji huohuo ulipima nyuzi 38. Abisko wastani wa Januari ni kama nyuzi −10. Sababu ni bahari. Mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unapanda hadi pwani ya Norwei, ndiyo maana bandari ya Narvik haigandi, na upepo wa magharibi unabeba joto hilo kuvuka milima. Abisko iko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, lakini ina msitu. Ardhi iliyoganda daima chini ya udongo haikutandaa kila mahali, iko vipande vipande. Kwa hali yake hiyo ni nchi ya mpito, kati ya misitu mikubwa ya kaskazini na nyika tupu ya Aktiki.

Mvua nayo ina somo ambalo wanafunzi wako tayari wanalijua kwa macho. Kibosho na Machame kumejaa migomba, Rongai upande wa pili ni pakavu. Kule pia hewa ya bahari ikipanda milima ya mpakani inamwaga mzigo wake Riksgränsen, ambako kwa mwaka kunapata takriban milimita 900 au zaidi, nyingi ikiwa theluji. Kilomita 35 hivi mashariki, Abisko inapata kama 300, kiasi cha nchi ya nusu jangwa. Wasafiri hutoka ukungu mzito mpakani na kufika Abisko anga ikiwa bluu, na ndiyo sababu watu wengi huenda hapo kutazama nuru za kaskazini, ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku.

Kuna jambo moja zaidi la hali ya hewa ambalo lingewashangaza wanafunzi wako. Kwenye vitabu tunaandika kwamba joto linapungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mita 100 unazopanda. Wakati wa baridi kule kanuni hii hupinduka. Usiku mtulivu hewa baridi, ambayo ni nzito, inateleza kutoka kwenye miteremko na kutuama bondeni, hivyo mtu aliyeko mita mia tatu juu anaweza kuwa na joto la nyuzi kumi zaidi ya aliyeko chini. Baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa Uswidi, nyuzi −52.6 mwezi Februari 1966, ilipimwa bondeni, Vuoggatjålme.

Sasa nije kwenye mimea, kwa sababu hapa ndipo ile sentensi ya zamani inapovunjika kabisa.

Tembea Shira au panda kuelekea Barranco. Unaona Dendrosenecio, mimea minene yenye shina la mita kadhaa, vichwa vya majani juu, na majani makavu yamening'inia yakiuvika mwili. Unaona Lobelia deckenii, ambayo jioni hufunga majani yake kuzunguka chipukizi na kuhifadhi maji katikati. Maji yakiganda juu, chipukizi chini linabaki salama. Mimea hii ni mikubwa, na inasimama wima. Sasa nenda mlima Nuolja, juu ya Abisko, upite miti ya mwisho. Hutaona chochote kinachofika gotini. Mimea imejilaza.

Ukipiga magoti utaona Salix herbacea. Ni mti halisi, wenye shina gumu la mbao, lakini shina hilo linatambaa ndani ya udongo na ndani ya kuvumwani, vile vijimea laini vinavyofunika ardhi kama zulia, na juu hutoa majani mawili matatu ya mviringo, mapana kama ukucha, yasiyozidi sentimita chache kutoka chini. Unaweza kusimama na viatu juu ya mti mzima wenye umri mkubwa kukushinda. Pembeni yake, kwenye mawe yenye chokaa, kuna Dryas octopetala: petali nane nyeupe, zimekaa bakuli, katikati njano. Mchana kutwa ua hilo linageuka kufuata jua, na umbo lake la bakuli linakusanya miale kwenye sehemu ya mbegu. Ukipima ndani ya ua unapata joto la nyuzi kadhaa juu ya hewa ya pembeni, na nzi huja kukaa humo kujipasha joto, wakitoka wamebeba chavua. Nimekaa chini kulitazama ua moja saa nzima na sikuchoka.

Kwa nini mimea ya kwetu isimame na ya kule ilale? Kule kuna theluji ya kudumu. Theluji mpya sehemu kubwa ni hewa, kwa hiyo inafanya kazi ya blanketi: nje kukiwa na nyuzi −30, ardhi iliyo chini ya theluji ya nusu mita au zaidi inaweza kubaki nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mmea uliojilaza unapitisha miezi hiyo humo ndani. Tawi lolote linalochomoza juu linachunwa na upepo na chembe za barafu, na jua la Aprili linalikausha wakati mizizi bado imeganda haiwezi kuleta maji. Majira ya joto yakifika, aliye karibu na ardhi tena ndiye anayefaidi, kwa sababu udongo umepashwa na jua huku hewa ya mita moja juu ikiwa ya baridi.

Kwetu juu ya mlima hakuna blanketi. Usiku mkavu na wazi, joto linatoroka angani na sehemu yenye baridi kali ni usawa wa ardhi palepale. Karibu kila usiku maji ya udongo yanaganda na kuchomoza sindano za barafu zinazoinua udongo na kung'oa miche midogo; mchana yanayeyuka. Chipukizi lililo mita mbili au tatu juu, limevikwa majani yake, lina usalama zaidi. Mwanabotania Mswidi Olov Hedberg, aliyeichunguza milima ya Afrika Mashariki tangu 1948, ndiye aliyesema huku juu ni majira ya joto kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Ningependa sentensi yake ichukue nafasi ya ile ya ikweta na ncha ya dunia.

Na kuna uhusiano wa zamani zaidi kati ya Nuolja na milima ya Afrika Mashariki. Thore Fries, aliyeandika tarehe za mimea kuchipua na kuchanua kwenye mteremko wa Nuolja miaka ya 1917 hadi 1919, alikuja na kaka yake Robert Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakapanda Mlima Kenya. Mmea mrefu wa mlima huo ambao leo unaitwa Dendrosenecio keniodendron ulipewa jina na ndugu hao wawili. Vipimo vya Fries vya Nuolja vinatumika mpaka sasa: watafiti wamerudi kwenye mteremko uleule kulinganisha tarehe.

Mti wa mwisho kabla ya nyika ni mbetula wa milimani, mti mfupi wenye majani, mara nyingi mashina kadhaa yaliyopindapinda kutoka kwenye kisiki kimoja. Adui yake mkubwa ni nondo mdogo wa kijivu, Epirrita autumnata. Kila baada ya miaka 10 hivi viwavi wake hufurika, na katikati ya miaka ya 1950 walikula majani ya Abisko hadi sehemu kubwa ya msitu ikafa. Mayai ya nondo huyu hukaa kwenye matawi wakati wote wa baridi na hufa hewa ikifika takriban nyuzi −36. Sasa kumbuka hewa nzito inayotuama bondeni. Baada ya mwaka wa viwavi, mara nyingi unakuta miteremko ya mlima imekuwa kahawia na sakafu ya bonde imebaki kijani, kwa sababu mayai ya bondeni yaliuawa na baridi Januari. Ndiyo maana wataalamu wa huko wanahofia majira ya baridi yanayolegea: ulinzi huo wa bondeni unapungua.

Wanyama gizani. Kwanza giza lenyewe si kama chumba kilichofungwa. Mchana wa Desemba kuna saa kadhaa za mwanga wa bluu, kama dakika zile kabla ya jua kuchomoza, na mwezi mpevu juu ya theluji unatosha kutembelea. Lemingi, panya mnene mwenye manyoya ya njano na meusi, halali usingizi wa msimu. Chini ya theluji, pale inapogusana na ardhi, joto la ardhi huigeuza theluji kuwa chembe kubwa zilizolegea, na humo lemingi anachimba njia, anakula kuvumwani na kujenga kiota cha nyasi. Theluji ikiwa nzuri anazaa humo humo. Kila baada ya miaka mitatu minne wanafurika, kisha wanaanguka, na mlima mzima unacheza mdundo huo: mbweha wa Aktiki, bundi, mwewe, kicheche. Mbweha huyo mwaka wa lemingi wengi anaweza kuzaa zaidi ya watoto 10, na mwaka wa njaa asizae kabisa. Alikuwa amewindwa kwa ajili ya ngozi karibu aishe, Uswidi ikampa ulinzi wa sheria 1928, na hata hivyo idadi ilikaa chini mno kwa miongo mingi. Anasaidiwa sasa kwa vituo vya chakula na kwa kupunguza mbweha mwekundu anayepanda kutoka misituni.

Kuna mkazi mmoja wa Abisko ambaye wanafunzi wako huenda wamemwona bila kumjua. Phylloscopus trochilus, ndege wa gramu 9 au 10, kijani cha manjano, ndiye mwimbaji wa kawaida kuliko wote kwenye misitu ya mbetula mwezi Juni. Wale wa kaskazini mwa Skandinavia hawaendi Afrika Magharibi kama wenzao wa kusini. Wanapiga kona kusini-mashariki na kuja Afrika ya mashariki na kusini. Novemba, Abisko ikiwa nyeupe, yeye yuko kwenye migunga yetu akiokota wadudu.

Reindia naye, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe zenye matawi kwa dume na jike, ana safari fupi zaidi. Uswidi hakuna reindia wa mwitu. Karibu wote ni wa wafugaji wa Kisami, kila mmoja na alama ya mwenyewe sikioni. Mei majike huzaa, majira ya joto makundi hupanda milimani kukimbia wadudu na kula majani mabichi, na baridi ikianza hushuka mashariki kwenye misitu ya misonobari yenye likeni, yaani kuvu na mwani vilivyoungana na kuota ardhini. Wasami wanaugawa mwaka katika misimu minane kwa sababu kazi za mifugo ndizo zinazogawa mwaka. Reindia ananusa likeni kupitia theluji na kuichimbua kwa kwato. Likeni hiyo hukua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo malisho yakiharibiwa leo, watoto ndio watakaoyaona yakirudi.

Na hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouma kwanza. Tangu kituo cha utafiti cha Abisko kianze vipimo vyake 1913, wastani wa joto la mwaka umepanda takriban nyuzi 2 na nusu, na umevuka sifuri, mstari ambao katika nchi ya theluji unabadili kila kitu. Mfugaji hasumbuliwi na ongezeko hilo moja kwa moja. Anasumbuliwa na mvua ya Januari. Ikinyesha juu ya theluji kisha baridi ikarudi, inatengeneza tabaka la barafu lisilovunjika kwa kwato. Likeni iko pale, sentimita ishirini chini, na mnyama anakufa njaa akiwa amesimama juu yake. Wafugaji hulazimika kununua chakula na kukisambaza kwa pikipiki za theluji. Nimewasikia wazee wakisema wazi kwamba baridi kali kavu, ambayo mgeni anaiogopa, ndiyo mwaka mzuri.

Kilomita 10 hivi mashariki mwa Abisko kuna ardhi chepechepe ya Stordalen. Humo kuna vichuguu vipana vya mimea iliyokufa ambavyo ndani vina kiini cha barafu. Vilidumu kwa muda mrefu kwa sababu majira ya joto juu yake hukauka na kuzuia joto, na wakati wa baridi upepo huvua theluji ili baridi ipenye. Sasa vinaporomoka kuwa madimbwi, na vijidudu vilivyomo majini vinageuza mimea hiyo ya kale kuwa gesi ya methani. Juu zaidi, kilele cha kusini cha Kebnekaise, ambacho ni kofia ya barafu, kilikuwa karibu mita 2,120 katikati ya karne iliyopita. Mwaka 2019 kilipimwa kikawa mita 2,095.6, chini ya kilele cha kaskazini ambacho ni mwamba mtupu wa mita 2,096.8. Kwa hiyo ukikuta ramani ya zamani inasema 2,117, haikukosea, imepitwa na wakati. Watu wa kituo cha utafiti cha Tarfala, karibu na Kebnekaise, wamekuwa wakipima uzito wa Storglaciären tangu 1946, na hakuna barafuto nyingine duniani yenye mfululizo mrefu hivyo usiokatika. Waambie wanafunzi walinganishe na Kibo: kilomita za mraba 12 hivi za barafu mwaka 1912, chini ya 2 ilipofika 2011.

Sasa safari yako. Kama unataka mimea, nenda mwisho wa Juni au wiki ya kwanza ya Julai. Jua halizami, theluji imeondoka kwenye miteremko, na Dryas imechanua. Mbu watakuwa wengi kupita unavyodhani, lakini hawaambukizi malaria. Beba chandarua cha kichwa. Kama unataka rangi na ukimya bila mbu, wiki mbili za kwanza za Septemba, mbetula ikiwa njano na matunda madogo yako mlimani. Machi na Aprili ni wakati wa theluji na mchana mrefu. Desemba nenda kwa ajili ya giza na nuru za angani tu, maana mlima hutauona vizuri. Treni ya usiku kutoka Stockholm inakufikisha Abisko penyewe bila kuhitaji gari. Ukifika, panda Nuolja kwa miguu, acha lifti ya viti kwa kushukia: kwa mwendo wa taratibu, kabla ya chakula cha mchana utakuwa umepita msitu, vichaka na nyika. Chukua vipimajoto viwili vya bei nafuu. Kimoja kishikilie usawa wa kifua, kingine kilaze kwenye mimea, ukivikinga vyote na jua la moja kwa moja, na uandike kila mita 100. Kisha fanya hivyohivyo Kilimanjaro kuanzia kituo cha Mandara kwenda juu, mchana na alfajiri, na wanafunzi wako watakuwa na jedwali lao wenyewe.